Mashine Ikate, Jicho Lipange

Nimelelewa kwenye harufu ya rangi ya mafuta. Mjomba aliyenifundisha kazi alikuwa na karakana hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na kwake herufi ilikuwa kitu cha kuvutwa kwa pumzi moja. Unachovya brashi, unaipangusa kwenye ukingo wa kopo, unaegemeza mkono, kisha unateremka na mguu wa K bila kusita. Plota za kukatia stika zilipoingia mjini nilizichukia, na sitafuti neno la upole zaidi. Niliona jina la duka likikatwa kwenye plastiki kwa dakika chache na kitu kisicho na mkono, halafu mteja anaondoka akitabasamu.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani walipitia hayo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Gerber ilipoanza kuuza mashine za kukata herufi za kubandika. Kwetu zilishika kasi zaidi walipoingia mawakala wa pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na haukupita muda kila kibanda kikataka neno WAKALA mlangoni, tena kesho asubuhi. Rangi haikauki upesi hivyo. “Mjomba,” aliniambia yule mjomba wangu (ndivyo tulivyoitana, yeye na mimi), “njaa haisubiri rangi ikauke. Nenda kajifunze hiyo mashine.”

Nilikwenda nimenuna. Kilichonigeuza ni neno WAKALA lenyewe.

Ukiliandika kwenye kompyuta ukaliacha lilivyo, linatoka limepasuka. W na A zinalala upande mmoja, kwa hiyo A unaweza kuisukuma ikaingia chini ya bawa la W, zikakaa kama ndugu. L na A hazikubali. L imenyoosha mguu chini, A imetanua yake, zinagongana miguuni huku juu kumebaki shimo. Anayepita na bodaboda anasoma WAKAL, halafu A. Nilihangaika nalo mpaka Mjomba, ambaye hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake, akaja kusimama nyuma yangu. Akasema: lile shimo kubwa likubali, huliwezi, sasa zifungue nyingine zote zilingane nalo. Nikafanya hivyo. Neno likatulia.

Kompyuta inahesabu milimita. Macho hayahesabu milimita, yanapima uwazi ulio kati ya herufi na herufi, na Kiswahili chetu kimejaa WA, YA, TA na LA, miungano ile ile inayomsumbua mpangaji wa herufi. Siku hiyo nilielewa kwamba plota ilichukua kazi ya mkono wangu tu. Chuki ikaniisha pale pale, na namshukuru Mungu kwamba Mjomba alikuwa bado hai kuniona nikifanya kazi kwa furaha.

Tangu hapo napenda hatua ambayo mafundi wengi huikimbiza, yaani kupanga stika mahali pake kabla ya kubandika. Pima maji ninayo, lakini siiachii iamue peke yake. Hiace ikiwa imeegeshwa kwenye mteremko, pima maji itakupotosha, kwa hiyo nafuata mstari wa bodi chini ya madirisha. Duka ambalo paa lake limeinama lina shida nyingine. Herufi zilizonyooka kwa pima maji zitaonekana zimelala, maana jicho linazilinganisha na lile paa. Hapo nagawanya tofauti, kidogo kwa paa, kidogo kwa pima maji. Hata katikati ya bango si katikati. Maneno yakikaa katikati kabisa kwa futi huonekana yanazama, kwa hiyo nayainua kidogo, nafasi ya chini izidi ya juu. Nikishayashikiza kwa vipande vya tepu, bila kumenya chochote, navuka barabara nitazame nikiwa upande wa wapita njia. Narudi, nasogeza, navuka tena. Wateja wengine hudhani napoteza muda.

Kubandika kwenyewe nakufanya hivi. Nafuta ubao kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kamwe si petroli, kwa sababu petroli huacha utelezi. Navuta tepu moja pana katikati ya maneno, kutoka juu hadi chini, iwe bawaba. Namenya karatasi ya mgongo upande mmoja hadi kwenye bawaba, naikata, kisha nalaza herufi nikisugua kwa kibao cha plastiki kuanzia katikati kwenda nje, kila msuguo ukipanda juu ya uliotangulia ili hewa isikose njia ikageuka malengelenge. Naondoa bawaba, nafanya upande wa pili. Tepu ya juu inayobeba herufi naitoa kwa kuikunja nyuma kabisa, taratibu, karibu ilale juu yake yenyewe. Ukiivuta kwa kuinyanyua juu, nukta ya i itaondoka nayo.

Kwenye kioo nanyunyizia maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, stika iteleze niisogeze, kisha nayasukuma maji yote nje na kusubiri kabla ya kutoa tepu. Bati lililochomwa na jua la mchana siligusi. Gundi hushika kabla hujawa tayari, na plastiki huvutika kama ubani wa kutafuna. Naanza asubuhi, umande ukishakauka.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa milango ya zahanati moja. Muuguzi mkuu alitaka MAMA NA MTOTO, SINDANO, DAWA. Katika kazi yetu tunakadiria kwamba kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi zinasomeka kwa raha kutoka kama mita 3, na ukumbi wao ulikuwa mrefu, kwa hiyo nikapandisha hadi sentimita 10. Nilikataa nakshi zote. Mtu mwenye homa hana nguvu ya kusoma, anatafuta tu, na mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kuuliza mlango hadi mlango. Niliporudi kudai salio, muuguzi akaniambia: “Fundi, sasa wanakuja wenyewe.” Malipo mengine nimeyasahau, hilo sijalisahau.

Leo nina vijana wanaojifunza kwangu, na hakuna anayegusa plota kabla ya kuandika herufi zote kwa penseli na brashi, mara nyingi, hadi ajue kwa nini O huvuka mstari kidogo juu na chini ili ilingane kimo na H. Wananung'unika, nami nawaelewa. Brashi zangu mwenyewe ziko kazini bado. Ukuta wa matofali au plasta inayomenyeka haushiki stika, kwa hiyo mteja akija kuniuliza kipi bora, rangi au stika, namwomba kwanza anipeleke nikauone ukuta wake.