Mjomba alitaka kuuliza njia, nikamwambia simu inajua!

Msomaji wangu, madeni yapo ya aina mbili. Kuna la dukani, ambalo ukimwona mwenye duka unabadili mtaa. Halafu kuna la mtu ambaye hata siku moja hajakudai. Hilo la pili ndilo noma. Mimi ninalo, na nimelipata kwa sababu ya kimstari cha bluu kwenye simu!

Ilikuwa Februari 2020. Wakati huo nilikuwa utingo kwenye Fuso ya mjomba wangu, mzee wa miaka hamsini na ushee, aliyeanza kazi enzi zile ukitoka Dodoma kwenda Singida unafika ukiwa mwekundu kwa vumbi, hata mkeo hakujui. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri maisha yaninyookee. Mfukoni nilikuwa na simu mpya ya kutachi, niliyoinunua baada ya kujinyima chipsi mayai miezi minne. Na humo ndani kulikuwa na programu ya ramani, jina nalihifadhi, yenye sauti ya dada mpole kama mhudumu wa benki.

Basi bwana, siku hiyo tunatoka Kibaya, kule Kiteto, na gunia mia moja za mahindi ya tajiri mmoja wa Dodoma mjini. Njia ya mjomba ilikuwa ile ile ya miaka yote. Unashuka mpaka unaikuta lami ya Dar upande wa Kibaigwa, unapita Mbande, unapita Chamwino, Dodoma hiyo! Lakini dada yangu wa kwenye simu akaleta njia nyingine. Kata kulia mapema, pita vijijini upande wa Itiso na Hombolo, utaokoa saa nzima na dizeli juu.

“Huko siku hizi sipajui,” mjomba akasema. “Kuna makorongo.”

“Mjomba, hii inaongea na satelaiti,” nikamjibu, kifua mbele.

Akanitazama, akatazama simu, akacheka kidogo. “Haya. Wewe ndiye uliyesoma.”

Msomaji, neno hilo naomba ulishike. Yule mzee hakuiamini simu hata kidogo. Aliniamini mimi.

Tulikata kulia. Mwanzoni raha mustarehe. Barabara ngumu, mibuyu kushoto na kulia, mimi natangaza kilometa kama mtangazaji wa mpira. Kadiri tulivyokwenda njia ikawa nyembamba, miiba ikaanza kukwaruza bodi, watoto wanatoka nje kushangaa gari. Kwenye saa kumi na moja jioni tukafika kwenye korongo. Mchanga mweupe, mkavu, upana kama uwanja wa mpira. Ng'ambo njia inaendelea, na kwenye simu mstari wa bluu umenyooka kama rula.

Pembeni alikuwepo mzee wa Kigogo na mbuzi wake. Mjomba akapunguza mwendo, akaanza kushusha kioo. “Ngoja nimsalimie huyu mzee, nimuulize pakoje.”

“Tutachelewa, mjomba! Zimebaki kilometa tatu tu tutokee barabara kubwa. Nyoosha!”

Akanyoosha.

Katikati ya korongo Fuso ikazama mpaka kwenye difu. Tukachimba, tukatandika matawi, tukasukuma, wapi! Mara mjomba akazima injini, akanyamaza, akawa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Juu yetu anga safi. Lakini kule juu, upande wa vilima, wingu lilikuwa jeusi kama sufuria.

“Shusha mzigo,” akasema. “Mto unakuja.”

Waliozaliwa mjini hawalijui hili. Mito mingi ya huku kwetu ni ya mchanga, mwaka mzima mikavu. Mvua ikinyesha mbali, maji yanakuja kwa mkupuo mahali ambapo halijadondoka hata tone. Yule mzee wa mbuzi alikuwa ameshaita vijana. Tulibeba gunia mgongoni kukimbilia ukingoni, mimi magoti yanagonga kama ngoma. Tulipofika gunia la 62 tukasikia mngurumo. Maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Tukakimbia! Gunia 38 zikabaki juu ya gari, na mpaka usiku wa manane zote zilikuwa zimelowa au zimekwenda na mto.

Mzee akatuambia kwa upole kabisa kwamba gari lolote halijapita pale tangu mvua zilipobomoa kivuko cha zege. Kila mtu kijijini alilijua hilo. Ramani ndiyo haikuambiwa!

Asubuhi trekta lilituvuta. Tajiri alitaka hela yake, na haki yake. Wakati ule gunia tulilihesabu kwa shilingi 80,000, kwa hiyo gunia 38 zikawa 3,040,000. Mjomba alikuwa na hela ya bati za nyumba yake ya Nzuguni. Akaitoa yote, akakopa na iliyopungua. Hakunitukana wala hakumweleza shangazi habari za simu. Usiku ule chini ya turubai aliniambia neno moja tu: “Ungeniacha nikamsalimia yule mzee.”

Heri angenizaba kibao.

Hazikupita wiki nyingi. Mapema Machi 2020 mvua ikalikata daraja la Kiyegeya pale Gairo, Dar na Dodoma zikatengana, malori yakapanga foleni pande zote mbili. Mimi nikafungua simu kuangalia njia ya Morogoro. Mstari wa bluu huo, umenyooka juu ya daraja ambalo halipo! Mjomba alikuwa ameshajua zamani, kapigiwa na dereva mwenzake aliyekuwa kwenye foleni. Hapo ndipo nilipoamua kukisoma hiki kitu vizuri, kabla hakijanimaliza.

Nilichojifunza ni hiki. GPS yenyewe haina kosa. Ni setilaiti za Marekani zisizopungua 24, ziko juu kilometa kama 20,200, ya kwanza ilirushwa 1978 kwa kazi za jeshi. Sisi raia tulikuwa tunapewa ishara iliyovurugwa makusudi, unaweza kukosea hata mita 100, mpaka Rais Clinton alipoagiza uvurugaji ukome, Mei 2000. Simu yako inasikiliza tu, haizungumzi na mtu. Ikizisikia setilaiti nne inajua ilipo, hata kama huna bando wala mtandao. Mahali peupe kama huku kwetu inakosea mita chache tu.

Kwa hiyo kile kidoti kinasema kweli. Kidoti kilituonyesha tuko katikati ya korongo, na kweli tulikuwa katikati ya korongo! Kinachodanganya ni ramani iliyo chini ya kidoti. Ramani imechorwa na mtu, siku fulani, na toka siku hiyo mvua zimenyesha.

Sasa wewe dereva, au wewe unayetaka kumnunulia dingi zawadi, sikiliza. Usichanganye mambo. Kile kifaa ambacho bosi amefunga kwenye lori kinamwambia bosi ulipo. Hakikwambii wewe pa kwenda. Vivyo hivyo sili za kielektroniki za mizigo ya transiti, zile ni za kuwalinda TRA, si za kukuonyesha njia.

Ramani za kawaida za simu, kama Google Maps, zimetengenezwa kwa kufikiria gari dogo. Hakuna mahali pa kuiambia kwamba una tela, una urefu gani, una uzito gani. Ndiyo maana itakupitisha uchochoro wa Chang'ombe kana kwamba unaendesha Vitz. Vipo vifaa na programu za malori hasa, kama Garmin dēzl au Sygic ya malori, unaingiza kimo, urefu, uzito na ekseli, nayo inakwepa daraja fupi na barabara isiyokubeba. Kitu safi! Lakini inakwepa kile tu kilichoandikwa kwenye ramani. Kule Ulaya kimo cha madaraja mengi kimeandikwa. Kwetu ni vichache. Ukilipa hela nyingi ukidhani unanunua macho, unaweza ukawa umenunua skrini.

Kwa hiyo kabla hujatoa mkwanja, mwambie muuzaji awashe kifaa mbele yako na afungue Dodoma. Tafuta Mji wa Serikali Mtumba. Tafuta barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilometa 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, iliyowekewa jiwe la msingi Februari 2022. Tafuta na kijiji cha bibi yako. Kama kifaa hakivijui, mshukuru muuzaji, nenda kanywe soda. Uliza pia ramani inasasishwa mara ngapi na kwa bei gani.

Wenye hela ndogo kama mimi, zipo programu za bure zinazotumia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha, mfano OsmAnd na Organic Maps. Unaipakua Tanzania nzima ukiwa nyumbani, porini unatembea bila bando. Google nayo inakubali kupakua eneo. Mimi huwa nabeba mbili. Zikigombana, najua kuna jambo, nasimama.

Na matumizi je? Panga njia kabla ya kuwasha injini, si ukiwa kwenye usukani. Weka simu kwenye kishikio, usiipakate. Ikazanie ikupitishe pale unapotakiwa kupita: mizani ya Vigwaza, Mikese, Nala, Njuki. Njia ya mkato inayokwepa mizani na una tani 56 mgongoni ni njia ya kwenda kwenye matatizo. Tazama kasi, maana GPS inaisoma vizuri: 80 ndiyo mwisho wa lori, 50 kwenye makazi. Na njia ikianza kuwa nyembamba huku simu inasisitiza “nyoosha”, shuka kwenye gari. Tembea kwa miguu. Uliza.

Tena usiulize kwa kupiga honi. Huku kwetu unashuka, unavua kofia, unasema “Mbukwenyi”, unangoja ujibiwe. Dakika tano tu. Mimi dakika tano hizo nilizinunua kwa milioni tatu na ushee.

Siku hizi naendesha semi, nakwenda mpaka Rusumo. Simu ninayo, sijaitupa, na usiku Sekenke inanisaidia kujua kona iko wapi kabla sijaiona. Mjomba naye amepata ya kutachi. Ananitumia alipo kwa WhatsApp bila kuandika neno, na kwenye kundi lao la madereva wanatumiana picha za madaraja na foleni kabla redio haijatangaza. Ukiniuliza ni GPS gani naiamini, nitakwambia ni hiyo, kundi la wazee wenye miwani wasiojua kuandika herufi kubwa.

Deni nalilipa kidogo kidogo. Yeye hela haitaki, ukimpa anakwambia kamnunulie mama yako khanga. Kwa hiyo nanunua bati. Kila nikirudi safari napitia dukani, nabeba tano au sita, nazishusha uwanjani kwake bila kusema kitu. Yeye naye hasemi kitu, anamwita fundi.

Safari iliyopita nilimkuta amekaa kivulini, akanitania: “Ile simu yako, mjomba, haijui bei ya misumari?”

Nilicheka mpaka machozi, na msomaji wangu, mengine hayakuwa ya kicheko.

Kwa hiyo ukipita Nzuguni ukaona nyumba yenye bati za rangi tatu, kila fungu na mwaka wake, usimcheke mwenye nyumba kwamba hajui kuchagua. Rangi zote hizo ni zangu. Bado sebule!