Chai Ilinisomesha, na Sasa Siinywi

Wasee, kuna maswali matatu naulizwa kila mara watu wakijua mimi ni Mmormoni. Moja: "Kwani huko mnaolewa wangapi kwa mzee mmoja?" Mbili: "Si hiyo ni Illuminati?" Tatu: "Ati hamnywi chai?" Mawili ya kwanza hayanisumbui. Hili la tatu ndilo lilitikisa nyumba yetu, na ndilo nataka tuongelee leo.

Tumalize yale rahisi kwanza. Kanisa lilitangaza kuachana na ndoa za wake wengi mwaka wa 1890, na leo ukioa mke wa pili unatolewa. Yaani sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014, ambayo inatambua wake wengi kwa ndoa za kimila, ni laini kuliko kanisa langu. Na Illuminati, bana, kama wapo hawajawahi kunilipa. Jina letu rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. "Mormoni" ni jina watu walitupa kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, ambacho Joseph Smith alikichapisha huko New York mwaka wa 1830. Tunakisoma pamoja na Biblia.

Nilifikaje huko? Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Nairobi, na nilikuwa nimechoka na kanisa. Kila Jumapili mhubiri alikuwa anatuambia tupande mbegu, na mbegu yenyewe ilikuwa na namba ya kutumia pesa. Jirani yangu wa hosteli akanialika kwao. Huko nikakuta askofu ambaye halipwi, Jumatatu anaenda kazini kama watu wengine. Mahubiri yalitolewa na waumini wenyewe: msichana wa rika langu, halafu mama mmoja anayeuza nguo. Fungu la kumi lipo, tena linasisitizwa sana, lakini hakuna mtu anayeitwa mbele kuonyesha amebeba nini.

Baadaye wakaja wamisionari wawili, shati jeupe na tai kwenye vumbi la mtaa. Mmoja Mkongomani, mwingine wa kutoka Utah. Beji zao zimeandikwa "Elder", yaani mzee, na hakuna hata mmoja alikuwa amefika miaka 21. Waliniambia kitu ambacho sikuwa nimewahi kuambiwa na mtu yeyote: kwamba familia inaweza kuunganishwa hekaluni isiachanishwe hata na kifo.

Nyinyi hamjui hiyo ilinipata vipi. Babangu alikufa nikiwa darasa la saba. Kwenye mazishi niliambiwa ni mapenzi ya Mungu, nikanyamaza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bado yeye ni wangu.

Halafu usiku mmoja nikaingia intaneti. Nikasoma kwamba kuanzia 1852 hadi Juni 1978 wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hili, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa ibada kuu za hekalu. Zile ibada zenyewe za kuunganisha familia. Nilisoma mpaka saa tisa usiku nikiwa na hasira.

Walipokuja tena niliwauliza moja kwa moja. Yule wa Utah akaangalia chini. Mkongomani akasema, "Na mimi nilisoma hayo yote. Jibu langu haliwezi kuwa lako. Omba mwenyewe." Mwaka wa 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kukana zile sababu za kibaguzi zilizokuwa zikitolewa zamani. Hiyo haifuti miaka 126, na mtu akiniambia inafuta namkatalia. Lakini pia nilisoma kuhusu Joseph Sitati, Mkenya wa Bungoma, aliyebatizwa mwaka wa 1986, wakati kanisa lilikuwa bado halijasajiliwa Kenya. Usajili ulikuja 1991. Mwaka wa 2009 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwa miongoni mwa viongozi wake wakuu wa dunia nzima. Niliona kwamba watu wanaofanana na mimi waliijua historia hiyo na bado wakaingia, macho yakiwa wazi.

Niliomba wiki kadhaa. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nilipata utulivu tu, na haukuondoka. Nikaamua kubatizwa.

Sasa ikabaki kumwambia mathe.

Sisi ni watu wa Murang'a, upande wa juu, kule kwa baridi. Shamba letu ni majani chai. Baada ya baba kufa, mamangu alikuwa anaamka kukiwa na giza, anafunga karatasi ya nailoni kiunoni umande usimlowanishe, anachuma, anabeba kikapu mgongoni mpaka kituo. Karo yangu ya sekondari yote ililipwa na bonasi ya chai. Mimi nimelelewa na hicho kichaka.

Na kwa kanisa langu tuna Neno la Hekima, sheria ya afya ya mwaka wa 1833: hakuna pombe, sigara, kahawa wala chai.

Nilimweleza vizuri, polepole. Aliponielewa akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo kazi ya hii mikono yangu ndiyo imekuwa dhambi?"

Nikamwambia, "Hapana, mami. Hakuna mahali wamesema chai ni chafu. Ni ahadi nimeweka. Mwislamu akifunga Ramadhani si ati anachukia chakula."

Hakunijibu. Na kwa ubatizo wangu hakuja.

Hii ndiyo sehemu watu wanaohubiri huwa hawawaambii. Niliingia kanisa linalosema familia ni ya milele, na kitu cha kwanza kilichoguswa ni familia yangu. Kwetu mgeni hapewi habari kabla ya kupewa chai. Ukikataa kikombe, umemkataa mtu. Unaweza kujua Biblia yote na bado huna jibu la shangazi aliyesimama mbele yako na chupa ya chai.

Tumefika wapi sasa? Likizo bado naenda nyumbani na tunachuma pamoja. Mathe huniwekea maziwa ya moto pembeni, bila majani. Wageni wakiuliza, anawaambia nina vidonda vya tumbo. Ananidanganyia ili nisionekane mtoto wa ajabu. Nishamwambia asidanganye kwa ajili yangu, akanijibu, "Wewe fanya dini yako, mimi niachie wageni wangu."

Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Zamani ilibidi Wakenya wasafiri hadi Johannesburg. Siku moja nitafunga ndoa humo, na kwa sababu mathe si muumini, hataingia. Tangu 2019 kanisa linaruhusu ufunge ndoa ya kiserikali kwanza, kisha uende hekaluni bila kusubiri mwaka mzima. Nitafanya hivyo, ili ashuhudie kwa macho yake. Najua hata hivyo atauliza kwa nini kuna mlango mmoja amefungiwa, na itabidi nimwangalie usoni nikimjibu.

Kwa hivyo kama unafikiria kuhama dini, soma, uliza maswali magumu, omba. Lakini pia rudi nyumbani. Usiwatumie ujumbe kwa simu, nenda ukae nao, hata kama hamtaelewana. Kwenda kanisani Jumapili ni rahisi, kazi iko kwa meza ya mamako.

Na wewe, kwenu ni kitu gani ulikikataa, wakahisi ni wao umewakataa?