Breki Kwanza, Rimu Baadaye

Kama umewahi kwenda shags ukiwa umekunjwa kwenye buti ya Probox, magoti kidevuni na jogoo wa mtu anakuangalia vibaya, hongera, tayari unajua stesheni wagoni ni nini. Ni gari ya familia iliyorefushwa nyuma, watu na mizigo wakae chini ya paa moja. Probox, Fielder, Wingroad, zote ni za ukoo huo. Leo nataka kuwaambia kuhusu nyanya yao wa Marekani, na vile alinifunza adabu.

Nilipoenda Texas kusoma nilikaa kwa Anko, kaka ya mamangu, viungani mwa Dallas. Siku ya kwanza alinifungulia gereji kabla hata hajanionyesha mahali nitalala. Ndani kulikuwa na Ford Country Squire ya 1966, tairi zote zimeisha upepo, panya wamejenga kwa kiti cha nyuma. Urefu wake unapita mita tano. Mbavuni ina mbao kama kabati ya cucu.

"Hii gari," Anko akasema, "tumezaliwa mwaka mmoja."

Sasa, ili uelewe huyu mzee, rudi Nakuru miaka ya 70. Enzi hizo Peugeot 404 na 504 za wagoni ndizo zilikuwa zinabeba abiria, na Anko alikua akiziangalia zikipita zimejaa hadi kwa keria. Mwaka huo wake wa kuzaliwa, 1966, Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari Rally na Peugeot 404. Kwa Anko, gari ya maana lazima iwe ndefu nyuma. Alipotulia Marekani akatafuta Peugeot, lakini kampuni hiyo iliacha kuuza magari mapya huko 1991. Akachukua wagoni ya Wamarekani wenyewe. Mpango ulikuwa hivi: aikarabati, astaafu, aipakie meli hadi Mombasa, aiendeshe mpaka Nakuru, halafu siku moja aionyeshe kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse akiwa amevaa kofia.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nimelelewa Eastlands, nimekulia kwa nganya. Kwangu gari haijakamilika kama haina taa za buluu chini, michoro ubavuni, na muziki unaokupapasa mapafu. Niliiangalia hiyo Ford nikaona content ya mwaka mzima: tuishushe chini, tuipake nyeusi, tutoe mbao, tuweke rimu kubwa, tufiche spika nyuma. Nilimwambia Anko. Alinitazama kama nimemtukana mamake.

"Hapa hatubadilishi kitu," akasema. "Kila kitu orijino."

Basi tukaanza kazi, mimi na simu yangu nikirekodi, yeye na spana.

Wacha niseme ukweli, ile kazi ilinishika. Injini ya 390, yaani lita 6.4, ilikuwa imekaa miaka bila kuwashwa. Mimi ningefunga betri nikapiga stata. Anko akanizuia. Tulitoa plagi zote nane, tukamwaga mafuta kidogo ndani ya kila silinda, tukangoja, halafu tukazungusha injini kwa mkono polepole hadi ikakubali. Petroli ya zamani tuliimwaga ikinuka kama vanishi. Tangi tukasafisha, kabureta tukaifungua yote juu ya gazeti. Siku iliponguruma mara ya kwanza, Anko alizima haraka akaenda kusimama nje peke yake. Sikumfuata.

Kutu nayo ilikuwa imekula sakafu. Ukiinua kapeti ulikuwa unaona saruji ya gereji. Hapo ndipo nilijifunza kuchomelea: unakata pale palipooza mpaka ufike chuma kizima, unakata kiraka cha saizi hiyo, unashikisha nukta nukta, ukiacha chuma kipoe usije ukakikunja. Viraka vyangu vya kwanza vilikuwa aibu. Vya mwisho, Anko alivipapasa akanyamaza, na kwa Anko kunyamaza ni sifa.

Halafu mbao. Wasee, zile mbao ni feki! Wagoni za zamani za Marekani zilikuwa na mbao za ukweli. Zilibeba watu na masanduku kutoka stesheni ya treni, ndiyo maana zikapata hilo jina, na Ford walikuwa na kiwanda Iron Mountain, Michigan, karibu na misitu yao, cha kutengeneza mbao hizo. Lakini kufika 1966 ilikuwa ni karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao, imezungushiwa fremu ya faiba. Tulitumia wikendi tatu kuibandua kwa hewa moto na kubandika mpya, tukilowesha bodi kwa maji ya sabuni ili uweze kuitelezesha, halafu unasukuma mapovu yatoke moja moja. Wikendi tatu za kuweka uongo vizuri. Nilimuuliza Anko kwa nini tunahangaika hivyo na kitu feki. Akajibu, "Ni feki, lakini ni feki ya wakati wake." Nilicheka siku hiyo.

Kitu nilichokipenda zaidi ni nyuma. Mlango wa nyuma una bawaba za njia mbili: unaushusha kama wa pikapu, au unaufungua kando kama mlango wa nyumba. Ford waliuleta mwaka huo huo wa 1966. Na ndani, sehemu ya mizigo, kuna viti viwili vidogo vinavyokunjuka, vinaangaliana, watoto wanakaa goti kwa goti kama kwa matatu. Wajukuu wa Anko, wa miaka saba na tisa, walihamia huko kabla hata hatujamaliza kushona kitambaa.

Sasa niwaambie mahali tuliharibu.

Breki za hiyo gari ni za mtindo wa kawaida wa enzi zake: masta silinda moja, njia moja ya mafuta, inagawia magurudumu yote manne. Yaani mafuta yakivuja mahali popote, kwa gurudumu lolote, huna breki popote. Sisi tulibadilisha viatu vya breki, tukaweka mafuta mapya, tukatoa hewa. Lakini hosi za raba tuliziacha. Kwa nje zilikuwa safi. Anko akasema ni orijino na bado ziko sawa. Na mimi nilikuwa nimeona ufa mdogo kwa ile ya nyuma. Niliuona. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimetangazia watu kuwa Jumapili gari inatoka, na nilitaka video.

Jumapili tukatoka. Anko kwa usukani, mimi kando na simu, watoto nyuma wanapungia majirani. Hatukuwa na kasi, labda kilomita arobaini kwa saa. Tukakaribia makutano, Anko akakanyaga. Pedali ikazama hadi sakafuni bila kugusa kitu. Akapampu mara mbili. Hakuna. Sikuwa nimewahi kusikia Anko akiita jina la mama yake. Akarudisha gia chini, akakanyaga ile breki ya kuegesha kwa mguu wa kushoto, akapinda kulia. Tukaparamia ukingo, tukaangusha sanduku la barua la jirani, tukasimama kwenye nyasi, dashibodi bado inatetemeka.

Hakuna aliyeumia. Watoto walikuwa wanacheka, walidhani ni mchezo. Mmoja akasema, "Tena!" Anko aliweka mikono kwa usukani na haikuacha kutetemeka kwa muda mrefu. Karibu tani mbili za chuma, watoto wawili nyuma, na tatizo lilikuwa hosi ya bei ya chakula cha mchana. Aliyetengeneza hiyo gari hana kosa, raba ina umri wake. Makosa yalikuwa yetu wawili: mzee aliyeogopa kugusa orijino, na kijana aliyetaka video. Ile video nilifuta. Siku hiyo hiyo jioni nilimwambia Anko kuhusu ule ufa. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Gereji ilifungwa wiki nzima. Halafu Jumamosi nikamkuta mezani na karatasi, akasema amekuwa akisoma. Kumbe Septemba 1966, mwaka ule ule wa gari, Rais Lyndon Johnson, Mtexas mwenyewe, alitia sahihi sheria ya usalama wa magari Marekani. Kufika 1968 magari mapya yalilazimika kuwa na breki za njia mbili, ili moja ikifa nyingine ikusimamishe. Mikanda ya mabega ikaja hapo hapo.

"Unaona," Anko akasema, "hata wao waliona haitoshi. Mimi nilikuwa nalinda kitu ambacho wenyewe walikuwa wanakiacha."

Tukagawa karatasi mara tatu. Upande wa kwanza, vitu vya kubadilisha bila mjadala: masta silinda ya njia mbili, breki za diski mbele, mabomba na hosi zote mpya, tairi za radial, mikanda ya mabega mbele. Upande wa pili, vitu visivyoguswa: mbao feki, ule mlango wa nyuma, usukani mwembamba, harufu ya viti. Upande wa tatu, starehe: radieta kubwa zaidi, kwa sababu jua la Texas halina huruma, na spika zangu, zifichwe, redio ya zamani ibaki usoni. Starehe zinangoja mpaka upande wa kwanza uishe. Na vile viti vya nyuma? Vilibaki, ila gari ikitembea hakuna mtoto anakaa hapo. Watoto walilia. Anko hakusikiza.

Hiyo karatasi ndiyo maoni yangu ya leo. Tunabishana sana kuhusu vitu vya zamani, wazee wanataka visiguswe, sisi tunataka kuvigeuza vyote. Nimekuwa pande zote mbili kwa gereji moja na nakuambia swali si kubadilisha au kutobadilisha. Swali ni unaanzia wapi. Sisi wa nganya tunaanzia kwa macho na masikio. Nimepanda mathree zenye skrini tano na breki zinazolia kama paka, na nikazisifia. Sikatai michoro, naipenda mpaka leo. Lakini ukiwa na pesa ya kitu kimoja na ukachagua rimu, umeshaamua kuhusu maisha ya aliyekaa nyuma, na hujamuuliza.

Gari ikakamilika. Kisha tukaanza kuuliza habari ya meli.

Unajua tayari inaishaje. Kenya, gari la kuagizwa halifai kuzidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Country Squire ina karibu miaka sitini na usukani wake uko kushoto. Pale Texas, gari likifikisha miaka 25 unaweza kulipatia namba maalum ya magari ya kale. Huku kwetu, likivuka minane linafungiwa lango. Naelewa sababu, hatutaki kuwa jaa la magari yaliyochoka. Lakini nilimwona Anko akiisoma hiyo sheria mara tatu kama barua ya msiba, kisha akaikunja akaweka mfukoni. Angeweza kuhamisha usukani. Umri hakuna fundi anauhamisha.

Desemba alirudi nyumbani kabisa. Gari aliiachia binti yake, na yeye huitoa Jumapili, watoto wakiwa kiti cha katikati na mikanda. Mimi niliogopa mzee atanyong'onyea. Siku za kwanza alikuwa anatembea tu Nakuru akiangalia barabara.

Juzi akanipigia saa moja asubuhi. Amepata 504 ya wagoni kwa boma la mtu, kuku wanataga ndani, bei wanaelewana. Nilirukaruka kwa kitanda. Nikamuuliza tutaipaka rangi gani.

"Rangi utajua baadaye," akasema. "Mimi niko kwa duka la spea, naulizia hosi za breki. Wewe kuja na simu yako, lakini utaiweka mfukoni mpaka tumalize."

Naenda Jumamosi. Na wewe, ile gari ya kwenu, ile pikipiki yako, mara ya mwisho kuinama ukaangalia hosi ilikuwa lini?