Mkono Juu ya Maneno

"Mama, enzi zenu vitabu vya namna hii havikuwepo." Kijana anayeuza vitabu pale Tororo aliniambia hivyo kwa heshima zote, huku akinikabidhi kitabu chenye jalada gumu na picha za rangi, mtoto amefumba macho anavuta pumzi. Ni kitabu cha kuwafundisha watoto kutulia, kushukuru na kuzitambua hisia zao. Nilikinunua kwa ajili ya mjukuu. Lakini yale maneno yamenikaa kifuani, kwa sababu nilipomuuliza kwao ni wapi alisema Busia, pale mpakani mwa Uganda na Kenya, mtaa wa Sofia, na huko ndiko kilikokuwa kibanda ambacho kila mtoto wa rika letu alikijua. Kilivunjwa barabara ya mpakani ilipopanuliwa. Siku hizi malori yanaegeshwa hapo.

Mabati manne na mlango wa mbao za sanduku, ndicho kibanda chenyewe. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu wa Kisamia, aliyewahi kuwa karani wa reli Tororo, pale ambapo njia ya kwenda Mbale na Soroti inaachana na ile ya Kampala. Watu wazima walimwita Karani. Sisi tulimwita Mzee tu, na yeye alituita sote "mwanangu", wa Uganda na wa Kenya, bila kuuliza mtu anatoka upande gani. Kushoto kwake mama mmoja aliuza omena kwa gunia (upande wetu tunaita mukene), kulia kulikuwa na pipa la mafuta ya taa. Vitabu vyake vyote vilinuka hayo mawili. Hata leo nikipita penye omena zilizoanikwa juani, sungura na fisi wananijia kabla ya samaki.

Vitabu vyenyewe vilimfikia kama karatasi chakavu. Ilikuwa miaka ya magendo: kahawa ikivuka kwenda Kenya usiku, sabuni na chumvi zikirudi, mara nyingi juu ya baiskeli za hao waliokuwa wakiita "boda, boda" kati ya kituo kimoja cha mpakani na kingine, kabla dunia nzima haijalijua jina hilo. Karatasi nayo ilikuwa adimu kwetu, kwa hiyo vitabu vya zamani vililetwa kwa kilo, vichanwe kwa ajili ya kufungia njugu. Mzee aliwahi magunia kabla ya wauza njugu, akachagua vyenye picha. Vingine vilikuwa na jina la East African Literature Bureau, vingine East African Publishing House. Juzi nimeangalia: ile ya kwanza ilianzishwa mwaka 1948, ya pili 1965. Lakini sisi mwaka wa kuchapishwa hatukuuona, maana kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuchanika.

Hakutoza senti kwa kusoma. Ulikaa kwenye benchi, naye akafungua penye picha, kisha akaweka kiganja chake kikubwa juu ya maneno. Alikuwa na sababu. Nusu yetu tulisoma upande wa Uganda, kwa Kiingereza, na Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni. Wenzetu wa mtaa wa Marachi, ng'ambo upande wa Kenya, walifundishwa Kiswahili darasani, na angewaacha wangesoma mbio mbio mpaka mwisho wa hadithi huku sisi tukiwatazama midomo. Mkono ule ulitufanya sote kuwa sawa.

"Mtazameni usoni," alikuwa akisema. "Huyu ana nini?"

Mmoja alisema hasira, mwingine aibu. Mzee hakumwambia mtu amepata wala amekosa. Aliuliza swali moja tu, "Umejuaje?", kisha akangoja. Kungoja kwake kulikuwa kurefu. Mtoto alianza na nyusi za yule wa kwenye picha, akaenda kwenye mabega, na mara nyingi akajikuta anaeleza ya nyumbani kwao.

Kulikuwa na picha ya fisi aliyesimama nje ya nyumba, ndani wanyama wanakula. Mimi nilisema ana njaa. Mvulana mmoja wa Kijapadhola, kutoka njia ya Tororo, ambaye baba yake alikuwa amechukuliwa na gari usiku na hakurudi, alisema: "Si njaa. Anaogopa kuingia, kwa sababu wakimwona watanyamaza." Mzee hakuuliza amejuaje. Alikaa kimya kwa muda, akaondoa mkono wake. Maneno yalisema kwamba fisi alichelewa karamuni, basi. Siku ile hatukuendelea kusoma. Mzee alimgawia kila mmoja njugu, na yule mvulana alikwenda nyumbani akiwa katikati ya wenzake.

Askari walipokuja kupekua vibanda, na walikuja mara nyingi, Mzee alitufungulia picha ya kanga na kutuambia tuhesabu madoa, mmoja mmoja, kwa kidole, bila kurudia. Buti zilipita nyuma yetu, magunia yakamwagwa, na sisi tukawa tumeinamia madoa. Sijui mtoto aliyewahi kuyamaliza. Naandika haya kwa sababu kitabu nilichonunua kina ukurasa wa kumfundisha mtoto kurudisha akili mahali alipo wakati wa hofu, na ni ukurasa mzuri, na mbinu yenyewe ninaijua.

Ukurasa wa shukrani ndio ulioniudhi. Unamwambia mtoto aandike jambo analolishukuru kwenye kikaratasi, akitumbukize ndani ya chupa. Mzee wetu hakutuacha tuondoke mpaka kila mmoja awe amefikiria mtu aliyemtendea wema siku hiyo. Ukitaka kumtajia jina, alikukatiza: "Usiniambie mimi. Nenda kamwambie yeye." Nimewahi kurudi mbio mpaka kwa mama wa omena kumshukuru kwa kunifunga kidole kilichokatwa na bati. Alicheka, kisha machozi yakamtoka. Chupa haiwezi kukufundisha uso wa mtu anayeshukuriwa asipotarajia.

Baadaye mambo yalikwenda kwa kasi. Kenya ilibadili mfumo wake wa shule, na watoto wa Marachi wakaja na vitabu vyao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mtu alimletea Mzee kitabu kipya cha Jacaranda Designs wa Nairobi, rangi tupu kila ukurasa. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Alifariki mwaka 1997, mwaka ule Uganda ilipofuta karo za shule za msingi, na kibanda kikawa cha kuuza nguo za mitumba, halafu vocha za simu. Mwaka 2014 African Storybook walianza kuweka hadithi bure mtandaoni, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Humo nimesoma Hisia, hadithi fupi iliyotungwa Afrika Kusini, na nimeipenda. Halafu ikaja korona. Watoto wa Busia ya Kenya walirudi darasani wote Januari 2021, na wetu hawakurudi wote mpaka Januari 2022, wengi wakiwatazama wenzao na sare zao. Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kuviona kwa wingi vitabu hivi vya kutuliza moyo. Vilihitajika, na waliovileta walifanya jambo jema.

Lakini chini ya kila uso kumechapwa jibu. Uso umekunjamana, chini yake: hasira. Uso una chozi: huzuni. Mtoto anasoma neno, anafunua ukurasa. Mzazi anampa kitabu ili apate nafasi ya kupika au kushika simu, na shule ninayoijua inavifungia kabatini, vinatoka wageni wakija. Naona uchungu kwamba tumepata picha nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, halafu tukamwondolea mtoto swali pamoja na mtu wa kulingoja jibu.

Kuna mwalimu kijana Malaba, binti wa rafiki yangu, ambaye nilimsimulia habari za mkono wa Mzee. Amenunua karatasi za kunata, anaziba maneno kabla ya kuingia darasani. Nilikaa nyuma asubuhi moja, alipowaonyesha msichana mwenye chozi. Neno lililozibwa lilikuwa huzuni. Mtoto wa kwanza alisema huyu ameonewa. Wa pili akasema hapana, amekasirika, tazama ngumi zake. Wa tatu akasema analia kwa furaha kwa sababu mama yake amerudi kutoka Nairobi, na kwamba mtu akifurahi sana hukunja ngumi vilevile. Mwalimu akauliza, "Umejuaje?" Mikono ikainuka karibu darasa zima, na kengele ya uji ilipolia hakuna aliyetoka.