SHEKHE, UNGEULIZA KWANZA TUNASHONA NINI



Ndugu yangu katika imani, leo nakiri kosa langu mbele yako. Naomba usome mpaka mwisho, huenda nawe umewahi kulifanya.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya darsa ya Magharibi hapa Lindi, alinifuata kijana mmoja. Akaniambia yeye na mkewe wanaishi kwa kuuza dinosaria. Nikacheka. Akanionesha michoro kwenye simu: mnyama wa shingo ndefu kavaa kofia ya kiua, mwingine kabeba kapu la samaki mkiani. Akauliza, "Shekhe, riziki yetu hii ni halali?"

Nikatazama picha mbili tu. Nikamjibu, "Viumbe wenye roho hawachorwi, mwanangu. Tafuta kazi nyingine." Adhana ya Isha ikaita, nikainuka. Fatwa yangu haikufika hata dakika mbili.

Miezi minne baadaye nikamkuta sokoni anabeba magunia. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Tuliacha, Shekhe, kama ulivyotuambia. Cherehani tumeiuza, tumelipa kodi ya nyumba." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Usiku ule nilifungua vitabu ambavyo ningepaswa kuvifungua siku ile ya kwanza. Katazo la picha lipo, ndugu yangu, na ni zito, wala sitalipunguza ili nikufurahishe. Lakini ipo pia hadithi ya Mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyoipokea Abu Dawud. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaona wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Akamuuliza, farasi ana mbawa? Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Kwa hadithi kama hii wanavyuoni wengi waliviondoa vitu vya kuchezea watoto katika lile katazo.

Asubuhi nikaenda nyumbani kwao. Mke akanitolea kikapu alichokuwa amekificha uvunguni. Ndani mlikuwa na dinosaria wa vipande vya khanga, wamejazwa sufi, kila mmoja ameshonwa kwa mkono. Mume anachora umbo kwenye karatasi, mke anakata na kushona, na wanaonunua ni wazazi wa watoto wadogo. Akaniambia kwa upole, "Shekhe, ungeuliza kwanza tunashona nini."

Sikuwa na jibu. Nikawaomba radhi wote wawili.

Nikauliza kwa nini dinosaria. Mume akasema babu yake alikuwa akisimulia habari za Tendaguru. Wewe wa Lindi unapajua. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa pale, na wazee wetu wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandarini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Leo mifupa ile imesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Kijana akasema, "Mwanangu hawezi kwenda Berlin. Nikasema acha nimletee huyo mnyama kitandani."

Tukakaa tukapanga. Michoro ya kutundika ukutani wameiacha, kwa kuwa ina khilafu na wao wamechagua usalama wa dini yao. Vya kuchezea watoto wanaendelea navyo. Cherehani nyingine, iliyotumika, tumeinunua pamoja. Mchango wangu usiuite sadaka. Lilikuwa deni.

Na jambo moja nikamwambia mume: andika fungu la mkeo. Jasho lake ni mali yake. Mke wa Ibn Mas'ud alikuwa fundi wa mikono, akiuza kazi yake na kumtunza mumewe na watoto. Alipomuuliza Mtume kama ana thawabu, akajibiwa kuwa anazo. Sasa, ikiwa mke anakutunza kwa sindano yake, usimwite "msaidizi wangu" mbele za watu. Mwite mshirika.

Ndugu yangu, nakuusia mawili. Wewe unayeuliza, eleza kazi yako yote, usioneshe picha mbili ukanyamaza. Nawe unayeulizwa, uwe shekhe, baba au jirani mwenye simu tu, usikimbilie neno "haramu" kabla hujajua mtu anafanya nini. Kuharamisha alichohalalisha Allah ni dhambi kama kuhalalisha alichoharamisha. Na nyuma ya neno lako kuna kodi ya nyumba na mtoto anayesubiri uji.

Ewe Allah, tusamehe kwa ndimi zetu zilizotangulia elimu zetu. Wabariki wote wanaokula kwa kazi ya mikono yao, kama alivyokula Nabii Daud. Aamin.

Wabillahi tawfiq.