Kwenu Wapi?

Wiki yangu ya kwanza chuoni niliulizwa "kwenu wapi?" mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina. Anauliza mlinzi wa hosteli, anauliza dada wa kibanda cha chipsi, anauliza mwenzako kwenye foleni ya usajili ambaye hamjawahi kuonana na huenda hamtaonana tena. Jina mtu analisahau kesho yake. Kwenu hasahau, maana kunakuja na mzigo mzima: chakula chenu, watani zenu, na yote mnayosemwa nayo. Ukisema Moshi, utaambiwa habari za hela. Ukisema Upare, utaulizwa una kesi ngapi mahakamani. Watu wanacheka, wewe unacheka, urafiki umeanza.

Mimi nikisema Korogwe, muulizaji anaongeza: "Kwa hiyo Msambaa? Au Mzigua?" Nikisema Muha, hapo ndipo vichekesho vinapoanzia. "Muha wa Korogwe? Kigoma si mwisho wa reli, wewe ulishukia wapi?" Halafu linafuata jaribio: "Haya, tuongeleshe Kiha." Sijui Kiha. Najua salamu moja tu, *mwakeye*, nayo nimeifahamu kwa sababu babu huwa anaisema peke yake asubuhi akifungua mlango, kama vile kuna mtu uani.

Chumbani kwetu tulikuwa wanne. Mmoja wa Rombo, mmoja wa Wete, Pemba, mmoja wa Bariadi, na mimi. Umeme ulikuwa unakatika sana muhula ule, na mnajua wenyewe, umeme ukikatika na simu zikiisha chaji ndipo watu wanazungumza. Usiku mmoja yule wa Rombo akawa anahesabu siku zilizobaki hadi Desemba. Kwao kwenda nyumbani Krismasi hakuna mjadala. Baba yake amejenga Mbezi, ana nyumba ya geti, lakini ile anaiita "nyumba". "Nyumbani" ni Rombo, kwenye kihamba, katikati ya migomba, na babu yake na baba wa babu yake wamelala humo humo. "Mtu akifia Dar," alisema, "tunakodi gari, tunampandisha. Hata kama ukoo umegombana vipi, hilo halina ugomvi."

Wa Wete akashangaa kabisa. "Kwetu maiti hangojewi. Ulipofia ndipo unapozikwa, siku hiyo hiyo. Gari ya nini?" Kwake yeye, kwenu ni anapoishi mama yako. Mama akihama, kwenu kumehama.

Wa Bariadi alikuwa kimya, anasuka nywele gizani kwa kupapasa. Akasema babu yake alitoka Shinyanga na ng'ombe, akafika Bariadi kutafuta malisho, na sasa baba zake wadogo wawili wako Morogoro na mmoja amefika Lindi, bado wanafuata malisho. "Kwetu?" akacheka. "Muulize ng'ombe."

Ndipo wa Rombo akanigeukia. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anataka kujua tu. "Na nyinyi? Babu yako akiondoka, mtampeleka Kigoma?"

Sikuwa na jibu. Babu alikuwa amekaribia miaka 90, alishalazwa mara mbili mwaka ule, na sikuwahi kumsikia mtu yeyote nyumbani akilitaja jambo hilo kwa sauti. Baba mdogo alikuwa na wazo lake, shangazi lake, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kulisema.

Likizo ndefu nilipofika nyumbani niliamua kumuuliza mwenyewe. Lakini mzee humuulizi hivi hivi. Unamwamkia, anakujibu "marahaba, mke wangu", anakuuliza huko Dar mnakula nini, anakuuliza kama umeshapata mchumba wa kumpindua yeye, unakaa. Siku ya kwanza tuliongea habari za mahindi. Siku ya tatu ndipo nilipomuuliza: "Babu, ulifikaje huku?" Nikaomba ruhusa niweke simu pale kwenye kigoda, irekodi. Akaitazama. "Itasikia hata nikikohoa?" Nikamwambia itasikia. Akasema basi sawa, na yeye karani aliyemwandika mwaka 1955 angekuwa na kitu kama kile, tusingekuwa na jina tulilo nalo.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana hata chuoni nimekutana na watu wa Tanga wasiojua kwa nini mkoa wao una Waha, Wabena, Wangoni na Wamakonde wa miaka mingi namna ile. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote yale unayoyaona kwenye basi kuanzia Korogwe hadi Muheza. Wenyeji wengi hawakutaka kuukata. Walikuwa na mashamba yao, na mkonge unachoma. Kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua, ikajulikana kama SILABU, ikawa inatuma mawakala Kigoma, Songea, Njombe na hata nje ya mipaka. Ukiandikishwa unapewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba.

Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa anadaiwa kodi, na wakala alikuja kijijini na blanketi. Anavyosimulia babu, blanketi ndilo lililomshinda. "Baridi ya Kasulu unaijua? Huijui." Akapanda treni kwa mara ya kwanza, kisha lori, kwa sababu wakati huo Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa bado hazijaunganishwa. Kambini kila kabila lilikuwa na safu yake ya vibanda. Ulikuwa unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ulitakiwa uzimalize ndani ya siku 42. Siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikuhesabiwa. Nyapara anapita, anaangalia matita, anakata kichwa. Mkono wa kushoto wa babu una makovu madogo madogo ya miba hadi leo. Nilikuwa nayaona tangu utotoni nikidhani wazee wote wako hivyo.

(Mwaka 2020, corona ilipoingia nchini, babu alishangaa sana kusikia redioni kwamba korona inaua. Kwa wazee wa mkonge, korona ni ile mashine ya kusaga majani kutoa singa. "Ilikuwa inakata watu mikono," alisema, "lakini kuua, mara chache." Tulimwelewesha baada ya siku mbili.)

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ulipoisha aliongeza, ukaisha tena, akakutana na bibi. Bibi ni Mzigua wa pale pale, na ndugu zake hawakufurahi hata kidogo, kwa sababu manamba alikuwa mtu asiye na kwao. Hilo ndilo neno alilolitumia shemeji yake: "Huyu hana kwao." Alilipa mahari kwa awamu nne. Ukaja Uhuru. Mwaka 1964 nchi ikazalisha takriban tani 230,000 za mkonge, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kamba za nailoni zikajaa duniani, bei ikaanguka. Kambi zikabaki na watu bila kazi. Wengine walirudi makwao. Babu hakurudi, na nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza muda mrefu mpaka nikasikia kuku kwenye rekodi.

"Nirudi na nini?" akasema.

Nadhani hilo ni jambo ambalo mtu hawezi kulipata kwa dodoso. Nimesoma maandiko kadhaa juu ya vibarua wa mkonge, na yote yanaeleza vizuri mishahara, idadi, na sera. Lakini kuna wanaume wangapi ambao hawakurudi kwao kwa sababu tu waliona aibu kushuka kwenye treni mikono mitupu? Miaka mitano ikawa kumi, kumi ikawa sitini.

Likizo hiyo hiyo nilikuwa nafuatilia kitambulisho cha taifa. Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa jina la mama, na nilishachoka. Nikaenda kwenye ofisi moja ya kuandikisha, nikajaza fomu. Afisa akasoma, akainua macho. "Babu mzaa baba kazaliwa wapi?" Kasulu. "Una ushahidi gani kwamba hakutoka ng'ambo ya mpaka? Waha na Warundi lugha ni moja." Niseme haki: Kigoma imepokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972 na tena 1993, na wale wa 1972 zaidi ya 160,000 walipewa uraia mwaka 2014, kwa hiyo swali lake halikutoka hewani. Lakini babu alifika Tanga kabla ya yote hayo, na mimi nimezaliwa hospitali ya Korogwe, na baba yangu pia. Nikaambiwa nilete barua ya serikali ya kijiji, kiapo, na mzee wa kunithibitisha.

Aliyekuja kunithibitisha ni mzee Mngoni, jirani yetu, naye ni manamba wa zamani kutoka Songea. Alipanda bodaboda na koti lake la suti, akafika ofisini, akasimama mbele ya meza. Aliulizwa anamjua babu tangu lini. "Tangu 1956. Mimi safu ya Wangoni, yeye safu ya Waha. Alinikopa sururu, hajairudisha. Angekuwa mgeni angeshakimbia deni." Ofisi nzima ilicheka, hata afisa. Akagonga muhuri. Na mimi nilicheka, ila njiani kurudi nilijikuta nawaza: nyaraka zangu zote, cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, hazikutosha, ila utani wa wazee wawili wa kambini ulitosha.

Jioni nikamsimulia babu. Nilitegemea akasirike. Akauliza tu kama yule Mngoni bado anaidai ile sururu. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa. "Ukiulizwa kwenu wapi, mtazame kwanza anayeuliza anataka akufanyie nini. Nyapara aliniuliza apate kujua anipange safu gani. Shemeji aliniuliza apate kuninyima mke. Huyo wa ofisini kakuuliza apate kukuandika au kukufuta. Na wenzako wa chuo wanakuuliza ili mle pamoja. Si swali moja hilo."

Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nikamuuliza: na sisi, tukitaka kujua tukulaze wapi?

Hakushtuka. Nadhani alikuwa anasubiri mtu aulize, na sisi sote tulikuwa tunamkwepa. Alionyesha mwembe ulio nyuma ya nyumba, alipolala bibi, na watoto wawili waliotangulia. "Hapo. Nimemwacha peke yake miaka kumi na moja, inatosha." Ila akataka kitu kimoja. Mtu aende Kasulu, upande ambao sasa ni wilaya ya Buhigwe, atafute kama kuna aliyebaki wa nyumba ya baba yake, awaambie kwamba hakufa njiani. Aliondoka akiwaambia miaka miwili. Hakuna aliyewahi kupeleka habari.

Baba mdogo alipoambiwa alikaa kimya, akatoka nje, akarudi macho mekundu. Alikuwa ameshaanza kuweka akiba ya kusafirisha mwili. Sasa ile akiba ndiyo nauli yetu. Tutakwenda kwa treni mwezi wa saba, yeye na mimi, nikimaliza mitihani, kama sitakuwa na supu.

Niliporudi chuoni niliwachezeshea wenzangu rekodi, umeme ukiwa umekatika kama kawaida. Ni dakika 52. Wa Wete alilia sehemu ya blanketi. Wa Bariadi alitaka kujua baba yake babu alikuwa na ng'ombe wangapi, na kwamba kwa nini wasiuze mmoja kulipa kodi. Ni swali zuri, nimeliandika niende nalo. Katikati ya rekodi babu analitaja jina la ukoo wetu lilivyokuwa kabla karani hajaliandika alivyolisikia yeye. Lina sauti fulani mwanzoni ambayo ulimi wangu haiwezi. Nimerudia mara nyingi. Wa Rombo alilipatia mara ya kwanza tu, na sasa ndilo analoniitia akitaka nimwazime ndoo.