Herufi za LILO

Kompyuta ya Linux iliyogoma kuwaka mwishoni mwa miaka ya 1990 haikuficha mahali ilipokwama. LILO, programu iliyokuwa ikipakia mfumo, iliandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja, kila herufi ikithibitisha hatua iliyokamilika. Ikiishia L na kufuatwa na tarakimu zinazojirudia, diski imekataa kusomeka. Ikiishia LI, hatua ya pili imepatikana lakini imeshindwa kuanza. LIL nayo ilimaanisha kwamba faili la ramani halikusomeka. Fundi mmoja wa Dar es Salaam aliyejifunza kazi enzi hizo anazikumbuka zote, tena kwa mapenzi, kwa sababu zilimwonyesha pa kuanzia.

LILO ilikuwa na udhaifu wake, na haukuwa mdogo. Haikujua faili ni kitu gani; ilihifadhi tu anwani za vipande vya diski ambamo kerneli, kiini cha mfumo, ilikaa. Mtu akiweka kerneli mpya bila kuendesha tena amri ya lilo, anwani zilibaki zile za zamani na mashine ikagoma kesho yake. Tiba ilikuwa kuwasha kwa diski laini au sidii, kuingia kwenye mfumo uliogoma na kuziandika anwani upya.

Halafu umeme. Ulipokatika ghafla, mafaili kwenye ext2, mfumo wa mafaili wa enzi hizo, yaliachwa nusunusu, na kabla mashine haijawaka tena programu ya ukaguzi, fsck, ilipekua diski nzima, kazi ndefu hasa kwa diski kubwa. Ikikuta uharibifu mzito ilisimama na kudai nywila ya msimamizi. Novemba 2001 kerneli 2.4.15 ilikuja na ext3, ambayo huandika mabadiliko pembeni kabla ya kuyatekeleza, na ukaguzi ukawa wa sekunde chache. Kwa jiji lililopitia mgao mkali wa umeme mwaka 2006, hakuna badiliko jingine la Linux lililomwokolea fundi yule muda mwingi kiasi hicho.

GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ndiyo iliyoing'oa LILO kwenye mashine za fundi huyo. Hii ilisoma mafaili yenyewe, kwa hiyo kerneli ikihama bado mtu aliweza kuitafuta kwa mkono. Makosa yalikuja na namba: 15, faili halipo, 17, patisheni haifunguki. Ubuntu 9.10 ya Oktoba 2009 ilipohamia GRUB 2, namba zikatoweka na mahali pake yakaja maneno "grub rescue>". Wengi waliokutana nayo waliona kompyuta imekufa. Kumbe hapo kuna amri za kutosha: ls inaorodhesha patisheni, set prefix inaelekeza folda ya GRUB iliko, insmod normal inaleta sehemu iliyokosekana, kisha normal inafungua menyu. Mara nyingi kisa ni mtu aliyefuta patisheni akidhani haina kazi.

Lakini kipindi hichohicho picha za kupendeza zilifunika ujumbe wa kuwaka, na hiyo ilikuwa hasara ya kweli. Mtumiaji alibaki na nembo isiyosogea. Fundi alizoea kubonyeza e kwenye menyu na kufuta maneno "quiet splash" kabla ya kugusa kitu kingine chochote, ili mashine iseme tena.

Agosti 2024 tatizo lilitoka nje ya Linux kabisa. Sasisho la usalama la Windows lilizuia kompyuta nyingi zenye mifumo miwili kuwasha Linux, kioo kikiandika "Verifying shim SBAT data failed". Diski ilikuwa nzima, kerneli nzima, GRUB nzima. Njia iliyofanya kazi ni kuzima Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwasha, kuwasha Linux, kufuta sera mpya ya SBAT kwa amri ya mokutil, kuwasha upya, kisha kuirudisha Secure Boot. Marekebisho ya Microsoft yalifika Mei 2025.